Jicho Linapocheza: Kitenzi Kimoja, Hali Nne

Kila aliyelelewa miongoni mwa Waswahili, na hata miongoni mwa majirani wao wa bara, anajua kuwa jicho halichezi bure. Likicheza la kulia, husemwa kuna heri njiani. Likicheza la kushoto, mwenye jicho hujiandaa kwa shari. Wapo wanaoyageuza mambo, kulia kukawa kubaya na kushoto kukawa kwema. Wapo pia wasiojali upande bali ukope: wa juu ukicheza, mtu ataonana na ndugu au sahibu waliyepoteana naye siku nyingi, wa chini ukicheza, machozi yatamwagika. Tafsiri hizi zina mabishano yake, na ajuza wawili wa mtaa mmoja hawakosi kutofautiana. Hata hivyo, hakuna kati yao anayeshuku kwamba jicho lina neno la kusema. Wanachobishania ni neno lenyewe.

Imani hii si ya Waswahili peke yao, wala si aibu ya Kiafrika kama wanavyodhani baadhi ya wasomi wanaoona haya kuitaja. Wachina huhesabu jicho la kushoto kuwa la neema na la kulia kuwa la balaa. Katika Bara Hindi hukumu hutegemea jinsia: la kulia ni jema kwa mwanamume, na kwa mwanamke ni kinyume. Ndiyo maana Kalidasa, katika tamthilia yake ya Shakuntala, alilifanya jicho la kulia la mhusika wake mkuu litetemeke anapoingia katika baraza la mfalme atakayemkana. Theocritus, mshairi wa Kigiriki wa karne ya tatu kabla ya Kristo, alimpa mchungaji wa mbuzi jicho la kulia linalocheza pamoja na matumaini ya kumwona mpenzi wake. Wagiriki walikuwa na kijitabu kizima, kinachonasibishwa na mtu aitwaye Melampus, cha kutafsiri michezo ya viungo vya mwili. Waarabu waliiita elimu hiyo ikhtilaji, na Waturuki wa dola ya Uthmani waliandika vitabu vyao vya aina hiyohiyo. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua mara moja kazi ya jicho la namna hii: ni kiangaza mbele kilichopachikwa usoni.

Kwa msomi wa leo, njia nyepesi ni kuyacheka haya yote na kuyaita ushirikina, kisha kumwelekeza mwenye jicho kwa daktari. Njia hiyo ina kasoro. Imani ya wazee ilikosea jibu, lakini maswali yake yalikuwa mazuri. Iliuliza: ni jicho lipi? Ni ukope upi, wa juu au wa chini? Limecheza siku ngapi? Daktari wa neva naye huanzia papo hapo. Kasoro iliyopo leo iko katika hatua inayofuata maswali hayo. Mgonjwa anayetaka kujieleza kwa Kiswahili amebakiwa na kitenzi kimoja, kucheza, na kitenzi hicho kimetwishwa hali nne zisizofanana. Mojawapo haina madhara yoyote. Nyingine inaweza kumfanya mtu mwenye macho mazima aishi kama kipofu. Wenye jukumu la kuupunguza mzigo huo ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili kabla ya kuwa madaktari, na maelezo yanayofuata yanakusudia kuonyesha kwa nini.

Hali ya kwanza ndiyo inayowapata watu wengi. Kuzunguka jicho kuna msuli wa duara, mwembamba, ambao kazi yake ni kufumba. Nyuzi chache za msuli huo zinapopokea amri ambazo mwenye mwili hakuzituma, hujikaza na kulegea kwa haraka, mara nyingi katika ukope wa chini wa jicho moja. Madaktari huiita miokimia. Ajabu yake ni kwamba anayeihisi hudhani uso mzima unatikisika na kila mtu anamkodolea, ilhali akikimbilia kioo huona msisimko mdogo tu chini ya ngozi, au asione kitu. Huja kwa sekunde chache, ikatulia, ikarudi. Huendelea hivyo siku kadhaa, pengine majuma, kisha ikatoweka bila kuaga. Haipunguzi uwezo wa kuona. Mambo yanayohusishwa nayo ni uchovu, ukosefu wa usingizi, wasiwasi, kahawa na chai nyingi, ukavu wa macho, na kutazama maandishi kwa saa nyingi, yawe ya kitabu, ya kompyuta au ya simu. Mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 kwa dakika. Anapozama katika kusoma idadi hiyo hushuka, na jicho lisilopepeswa hukauka na kuwasha.

Orodha hiyo ya vyanzo, ikisomwa katika chuo kikuu chochote nchini Kenya juma moja kabla ya mitihani, ni wasifu kamili wa mwanafunzi. Kuna chai ya usiku kucha, kuna tasnifu iliyokwama katika sura ya tatu, na kwa baadhi kuna miraa au muguka wa kufukuza usingizi ambao mwili unaudai. Tiba yake haiuzwi dukani: ni kulala, kupunguza vichangamsho, kulipumzisha jicho, na kuweka kitambaa chenye uvuguvugu juu ya ukope. Wanaonunua vidonge vya magnesiamu kwa ushauri wa marafiki wajue kwamba ushahidi wa vidonge hivyo kutuliza ukope ni haba.

Hapa pia ndipo inapoeleweka kwa nini imani ya wazee haikufa. Mtu mwenye ndugu mahututi hukesha kwa wasiwasi, na wasiwasi na kukesha huchezesha ukope. Ndugu akifariki, jamaa hukumbuka jicho. Chanzo kilikuwa kimoja, matokeo yakawa mawili, na lililotangulia likahesabiwa kuwa mtabiri wa lililofuata. Kwa mara zote ambazo jicho lilicheza na lisitokee jambo, hakuna aliyeweka kumbukumbu.

Hali ya pili inatisha zaidi, na ndiyo inayostahili kusemwa kwa kirefu. Huanza kwa mtu kupepesa kupita kiasi, akidhani ameingiwa na vumbi. Mwanga wa jua humkera. Polepole kupepesa kunageuka kufumba, na kufumba kunakuwa kwa nguvu, macho yote mawili kwa pamoja, bila hiari. Kope hukazana hadi mgonjwa ayafumbue kwa vidole. Jicho lenyewe ni zima. Mboni inaona kila inachofunuliwa. Ila mlango umefungwa na ufunguo hauko mkononi mwa mwenye nyumba. Mtu wa namna hii hawezi kuvuka barabara, kuendesha gari, wala kuhesabu chenji dukani. Madaktari huita hali hii blefarospazimu. Huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, na wanawake kuliko wanaume. Chanzo chake kimo katika sehemu za ubongo zinazosimamia miendo ya misuli. Jambo la kushangaza ni kwamba baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya muda wanapoimba, wanapozungumza au wanapojigusa uso mahali fulani, na wakilala hali hutulia kabisa. Kwa sababu hiyo walidhaniwa kwa miaka mingi, hata huko Ulaya na Marekani, kuwa wanajifanyisha au wana matatizo ya akili. Ushirikina haukuwa wa wasiosoma pekee.

Nafuu ilitoka mahali pasipotarajiwa. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila upasuaji. Alitumia kiasi kidogo mno cha sumu ya botulini, sumu ileile inayoua mtu anapokula chakula cha kopo kilichoharibika, akaidunga katika misuli ya jicho ili kuilegeza. Mnamo Desemba 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa makengeza na kwa blefarospazimu. Sindano hiyo hulegeza msuli kwa takriban miezi mitatu, kisha hurudiwa. Leo dawa hiyo inajulikana zaidi kwa kunyoosha makunyanzi ya matajiri, na bei yake haimfikii kila mtu. Lakini hata mwenye uwezo wa kuilipia hawezi kuipata iwapo hajaweza kueleza kwamba tatizo lake si jicho kucheza bali macho kujifumba.

Hali ya tatu hushika upande mmoja wa uso. Huanzia karibu na jicho, ndiyo sababu huitwa kucheza kwa jicho, lakini baada ya miezi au miaka huteremka shavuni na kuivuta pembe ya mdomo. Mara nyingi husababishwa na mshipa wa damu unaoigandamiza neva ya saba, ambayo ndiyo inayoamrisha misuli ya uso, mahali inapotoka kwenye shina la ubongo. Tofauti na hali ya pili, hii inaweza kuendelea hata mgonjwa akiwa usingizini. Hutibiwa kwa sindano hiyohiyo, na wakati mwingine kwa upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva. Isichanganywe na kupooza kwa upande wa uso, ambako msuli hukosa nguvu na jicho likashindwa kufumba.

Hali ya nne haihusu ukope hata kidogo. Kinachotikisika ni mboni, huku na huku au juu na chini, na jina lake la kitabibu ni nistagmasi. Ikimpata mtu mzima kwa ghafla, huona vitu vyote vinayumba mbele yake, na inaweza kutokana na maradhi ya sikio la ndani au ya ubongo, na hata na baadhi ya dawa za kifafa. Ikiwa mtu amekua nayo tangu utotoni, kwa kawaida haoni mtikisiko wowote, kwa kuwa ubongo wake umeuzoea, ingawa uwezo wake wa kuona huwa hafifu. Watu wengi wenye ualbino wana hali hii tangu miezi ya kwanza ya maisha. Mtoto wa namna hiyo hugundua mwenyewe pembe ambapo mboni zake hutulia kidogo, akazoea kuinamisha kichwa upande mmoja kila anaposoma ubaoni. Mwalimu asiyejua humwona ana dharau, na wenzake husema macho yake yanachezacheza. Akikemewa aketi wima, hunyang'anywa ile pembe pekee aliyokuwa akionea.

Msomaji ataona kwamba katika hali zote nne maelezo ya kwanza kutoka kinywani mwa Mswahili ni yaleyale: jicho linacheza. Je, hii ina maana kwamba lugha ni maskini? La hasha. Ukiitazama kwa makini, sarufi ya Kiswahili imekwisha kufanya nusu ya kazi ya daktari.

Zingatia sentensi jicho linanicheza. Kiima ni jicho, na mwenye jicho amesukumwa katika nafasi ya yambwa. Yeye ni mtendwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Muundo huo ndio unaotumika kwa kichwa kinaniuma, tumbo linaniendesha, mkono umenifa ganzi, moyo unanidunda. Mzungumzaji hajichagulii muundo huo kwa ajili ya mapambo. Anatangaza kuwa jambo limempata. Linganisha na amepepesa macho au amemkonyeza jirani yake. Hapa mtu ndiye kiima, jicho ni chombo, na hiari iko upande wa mtu. Swali la kwanza kabisa katika maradhi ya miendo ya mwili ni kama mwendo ni wa hiari au si wa hiari, na Mswahili hulijibu kabla hajaulizwa, kwa kiambishi kimoja cha yambwa. Sarufi za shuleni hufundisha kiambishi hicho kana kwamba ni suala la upatanisho tu. Laiti wanafunzi wa sintaksia wangekaa siku moja katika chumba cha kungojea daktari wakasikiliza, wangerudi na mifano bora kuliko ile ya Juma kuupiga mpira.

Vitenzi navyo si haba. Kupepesa ni kufunga na kufungua kwa wepesi. Kufumba ni kufunga. Kukonyeza ni kufumba jicho moja kwa kusudi. Kutetemeka ni kwa mwendo mdogo wa haraka. Kutikisika ni kwa mwendo mkubwa zaidi. Kupwita ni kupiga kwa mapigo kama kidonda kilichotunga usaha. Kuvutwa ni kupelekwa upande. Kiambishi cha kujirejelea nacho kina thamani kubwa: jicho linafumba ni jambo la kawaida, lakini jicho linajifumba ni malalamiko. Na kurudufisha kitenzi, kucheza kuwa kuchezacheza, kunaonyesha mwendo usiotulia. Kwa nyenzo hizo muuguzi anaweza kuuliza swali moja likatenga hali zote nne: Jicho linakucheza kidogo tu kwenye ukope, au yote mawili yanajifumba, au uso unavutwa upande, au ni mboni inayotikisika? Hakuna neno la kigeni katika swali hilo, na mkulima wa Kwale au wa Trans Nzoia atalijibu.

Kwa nini basi swali hilo halijawa la kawaida? Kwa sababu uundaji wa istilahi katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uundaji wa nomino. Kamati hukutana, huchukua orodha ya majina kutoka lugha ya kigeni, na kuyatafutia majina. Kazi hiyo ni ya lazima, na waliotunga Kamusi ya Tiba ya TUKI wanastahili heshima yao. Lakini mgonjwa hazungumzi kwa nomino. Hakuna anayeingia kliniki akasema ana miokimia. Husema jicho linanicheza, na daktari aliyesomea udaktari wake wote kwa Kiingereza huandika kwenye faili kile alichokisikia kwa kutafsiri neno kwa neno, au huandika jambo alilolizoea. Pengo liko katika vitenzi, na vitenzi ni mali ya wanaisimu na wanafasihi kabla ya kuwa mali ya matabibu.

Kuna watakaosema kwamba suala hili ni dogo, kwamba jicho kucheza hakuui mtu, na kwamba Kiswahili kina matatizo makubwa zaidi ya kushughulikia. Jibu lao lipo katika neno degedege. Neno hilo, lenye asili ya dege, lilibeba imani ya ndege au pepo anayempitia mtoto na kumfanya akakamae na kutetemeka. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 walikuta kwamba degedege, ambayo mara nyingi ilikuwa malaria kali, ilihesabiwa na watu wengi kuwa ugonjwa tofauti na homa ya malaria. Malaria ilipelekwa hospitalini. Degedege ilianzia kwa mganga, na wapo walioamini kuwa sindano ingemuua mtoto mwenye degedege. Maradhi yalikuwa mamoja, majina yalikuwa mawili, na kila jina lilikuwa na njia yake. Katika jicho mambo yamegeuka: jina ni moja na hali ni nne, lakini hasara ni ya ukoo uleule. Mwenye miokimia hupoteza usingizi akingoja msiba, na usingizi ndio aliokuwa akiuhitaji. Mwenye macho yanayojifumba huambiwa angoje, yatapita, kwa kuwa jicho la jirani lilicheza likapita.

Hasara nyingine haipimwi hospitalini. Mwanamke ambaye upande mmoja wa uso wake huvutwa, jicho likafumba katikati ya mazungumzo, huonekana sokoni, msikitini au kanisani kana kwamba anakonyeza. Katika jamii ambamo kukonyeza kuna maana moja tu, atapewa maana hiyo. Mume atauliza ni nani aliyekuwa akikonyezwa. Yeye atasema jicho linanicheza, na kitenzi hicho chepesi, kitenzi cha ngoma na cha watoto, hakitamtetea. Angekuwa na jina la hali yake lenye uzito wa ugonjwa, angekuwa na la kusimamia. Ni vigumu kuamini kwamba lugha iliyoweza kumwita mtoto wa jicho, makengeza, chongo, chokea na vikope, kila kimoja kwa jina lake, inashindwa kumpatia mwanamke huyo neno.

Majina hayo ya zamani yanafundisha jambo. Mtoto wa jicho ni sitiari. Vikope, jina ambalo Tanzania hulitumia kwa trakoma, limetokana na kiungo kilichoathiriwa. Hayakukopwa, na watu wanayaelewa. Wanafunzi wa istilahi wamekariri vigezo vya PEGITOSCA vya Kibuuka Kiingi. Kati ya vigezo hivyo, umataifa huvuta upande mmoja na uwazi upande mwingine, na mwalimu huacha mjadala hapo. Katika suala la mgonjwa, uwazi unapaswa kushinda. Istilahi za kimataifa zibaki katika faili na katika mihadhara ya udaktari kwa sura zilizoswahilishwa. Lakini kwa mazungumzo ya kliniki yapendekezwe majina yanayozaliwa na vitenzi ambavyo mgonjwa ameshavitumia: mchezo wa ukope kwa hali ya kwanza, mkazo wa kope kwa ya pili, mvuto wa nusu uso kwa ya tatu, na mtikisiko wa mboni kwa ya nne. Mchezo wa ukope huenda ukachekesha kidogo, na si vibaya, kwani hali yenyewe haina madhara na anayecheka ameanza kupona wasiwasi. Mvuto wa nusu uso ndilo dhaifu kati ya manne, kwa kuwa mvuto tayari una maana ya haiba, na pendekezo bora zaidi litakaribishwa.

Aidha, hoja ya kwamba daktari na mgonjwa wataelewana tu kwa Kiingereza haina mashiko katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki ya afya inayopatikana kwa lugha usiyoijua ina kilema.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi hapa ambayo kamati za istilahi hazina. Vina wanachama kutoka Lamu hadi Busia, kila mmoja akiwa na ajuza wake wa kumuuliza. Zikusanywe tafsiri za jicho linalocheza, si kwa nia ya kuziamini wala kuzidhihaki, bali kwa kuwa ndani yake mna msamiati wa miendo ya uso ambao kamusi hazijauorodhesha: vitenzi vya Kimvita, vya Kiamu, vya Kibajuni, na vile ambavyo Waswahili wa bara wamevitohoa kutoka lugha zao za kwanza. Ziandikwe pia sentensi nzima, viambishi na vyote, kwa maana kitenzi kilichong'olewa katika sentensi yake hupoteza yule mtendwa aliyekuwa akilalamika.

Pamoja na msamiati huo, zisambazwe zile dalili chache ambazo kila mwenye kucheza kwa jicho anapaswa kuzijua bila kungoja istilahi yoyote. Likiendelea zaidi ya majuma machache, likifumba kabisa, likishuka shavuni au mdomoni, ukope ukilegea na kufunika mboni, au jicho likiwa jekundu, likavimba na kutoa uchafu, mtu akamwone daktari. Na yule ambaye ghafla anaona ulimwengu unayumba, hasa akiwa na kizunguzungu, maneno yanayokwama au mkono usio na nguvu, aende siku hiyohiyo.

Linabaki tatizo moja ambalo wanaleksikografia hawajalimaliza. Ukope katika Kiswahili ni ngozi inayofunika jicho, na ni unywele unaoota ukingoni mwake pia. Aliyeambiwa apake dawa kwenye ukope ana njia mbili za kutii, na katika trakoma, ambako nywele hizo hugeukia ndani na kukwaruza jicho, tofauti hiyo ni tofauti ya upofu. Kuutenga ukope kwa ngozi, na kuuita ule mwingine unywele wa ukope, ni kurefusha maneno. Pengine kuna mahali pwani ambapo neno fupi zaidi bado lipo, na hilo pia ni swali la kumpelekea ajuza.